Wajinga Ndio Waliwao? Acheni Hizo!

Kuna msemo mmoja nimeuchoka. Kila mtu akilizwa mtandaoni, sisi wa mjini tunabetua midomo, tunacheka kidogo, halafu tunahukumu: wajinga ndio waliwao. Kesi imekwisha. Aliyeibiwa anarudi nyumbani na aibu yake, mwizi anaendelea na kazi yake, na sisi tunaendelea na kahawa yetu. Leo naomba nibishane na msemo huo, na shahidi wangu nimemtoa kisiwani Mafia.

Najua, jina lenyewe linachekesha. Ukimwambia Mzungu kwenu ni Mafia, anapapasa mfuko kuangalia kama pochi bado ipo. Lakini watu wa Mafia ninaowajua mimi ni wavuvi wa pweza, wenye minazi, walimu, manesi, na vijana wanaowapeleka watalii kumwona papa potwe kati ya Oktoba na Machi. Mafia wa kwenye sinema, wale wanaomfuata mwenye duka na kumuuzia ulinzi dhidi ya moto watakaouwasha wao wenyewe, hawaishi Kilindoni. Siku hizi wamehamia kwenye kioo cha kompyuta. Biashara yao ni ileile ya zamani: lipa, la sivyo duka litaungua.

Naongelea antivairasi feki. Unajua jinsi inavyokuwa. Uko zako unasoma habari, ghafla linafunguka dirisha jekundu lenye picha ya ngao. Linakwambia kompyuta yako ina virusi 5, au 13, au 247. Kuna mstari unaosogea, asilimia zinapanda, majina ya mafaili yanapita kwa kasi, wakati mwingine na king'ora juu. Mwishoni kuna kitufe: safisha sasa. Ukibonyeza, ama unaletewa programu yenyewe ndiyo kirusi, ama unaombwa namba ya kadi, ama unapewa namba ya simu ya "mtaalamu" atakayeomba kuingia kwenye mashine yako akiwa mbali. Ugonjwa ni wa uongo na dawa ni ya uongo. Hela yako tu ndiyo ya kweli.

Sasa tuje kwa shahidi wangu. Ni mwalimu wa sekondari, mama wa makamo, mtu makini kuliko wengi wetu. Laptopu yake ni ya mtumba, ilinunuliwa Kariakoo, ikavuka maji na boti ya kutoka Nyamisati mpaka Kilindoni. Siku moja alikuwa anatafuta mitihani iliyopita ya kidato cha nne, akakutana na tovuti iliyomwambia abonyeze "Ruhusu" kuthibitisha kwamba yeye si roboti. Akabonyeza. Kuanzia hapo, kila akiwasha mashine, kulia chini ya kioo yanachomoza maonyo kwa Kiingereza: umevamiwa, kinga yako imekwisha, data zako zitafutwa leo.

Hakulipa. Alifanya ambacho mtu mwenye akili hufanya akiugua: alikwenda kwa fundi. Fundi wa steshenari akatazama yale maonyo, akatikisa kichwa, akatoa dawa ambayo mafundi wetu huitoa kwa kila ugonjwa, kuanzia mafua mpaka mguu uliovunjika: "Hii tupige Windows upya." Akapiga Windows. Zikaondoka alama za wanafunzi za miaka 3, maandalio yote ya masomo, na picha za harusi ya binti yake. Wiki mbili baadaye mwalimu akarudi kwenye tovuti ileile ya mitihani, akabonyeza "Ruhusu" ileile, na maonyo yakarudi kama hayakuwahi kuondoka.

Mimi nilipoishika ile laptopu, nilifungua mipangilio ya kivinjari, nikaingia kwenye orodha ya tovuti zilizoruhusiwa kutuma arifa, nikaikuta ile ya mitihani, nikaifuta. Dakika 2. Kimya. Nikaikagua mashine nzima, virusi hakuna hata kimoja. Hakikuwahi kuwapo. Lile lilikuwa tangazo lililovaa sare ya polisi.

Mwalimu akaniuliza swali ambalo mpaka leo sina jibu lake: "Yaani mwanangu, alama zangu zote zimekufa kwa sababu ya tangazo?"

Sasa simama mbele ya huyo mama umwambie wajinga ndio waliwao. Mimi siwezi.

Ngoja tuangalie historia kidogo, maana tunaowacheka watu wa visiwani tunadhani utapeli huu ni wa washamba. Miaka ya 2000 walioupika kwa wingi ilikuwa kampuni iliyoitwa Innovative Marketing, yenye ofisi Kyiv nchini Ukraine. Ilikuwa kampuni ya kuajiri watu, yenye hata huduma kwa wateja kwa simu. Bidhaa zao ziliitwa WinFixer, WinAntivirus, DriveCleaner, XP Antivirus. Desemba 2008 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliwafikisha mahakamani ikisema watu zaidi ya milioni 1 wamedanganywa. Mwaka 2010 waendesha mashtaka wa Chicago wakafungua kesi ya jinai wakisema wahanga walitoka katika nchi zaidi ya 60 na hasara ilipita dola milioni 100. Mwaka 2012 mahakama ikamwamuru mmoja wa wahusika alipe dola milioni 163. Haya niambieni, hao watu milioni 1 walikuwa wavuvi wa Jibondo? Wengi walikuwa Wamarekani na Wazungu wa Ulaya, wenye shule na kadi za benki.

Septemba 2009, gazeti la New York Times liliuza nafasi ya tangazo kwenye tovuti yake kwa watu waliojifanya kampuni ya simu inayofahamika. Mwishoni mwa wiki wakabadilisha tangazo, na wasomaji wa gazeti lile kubwa wakaanza kuona dirisha la kuwaambia kompyuta zao zina virusi. Miezi michache kabla yake, Aprili 2009, Conficker, kirusi cha kweli kilichokuwa kimeenea duniani, kilianza kupakua antivairasi feki iliyoitwa Spyware Protect 2009 kwenye mashine kilizozikamata na kumtaka mwenye mashine alipe dola 49.95. Kirusi cha kweli kinauza dawa ya virusi vya uongo! Fisi kafungua bucha.

Na msidhani hii kazi ni ya wahuni wa vichochoroni tu. Mwaka 2019 Office Depot, duka kubwa la Marekani la vifaa vya ofisi, na Support.com, kampuni iliyolitengenezea programu ya kupima afya ya kompyuta, zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 35. Kwa mujibu wa FTC, mteja aliulizwa maswali machache mwanzoni, kwa mfano kama mashine yake ni nzito. Akitia tiki hata moja, jibu lilikuwa moja: dalili za virusi zimeonekana. Ukaguzi uliofuata ulikuwa maigizo. Mwaka 2024 kampuni mbili za Cyprus, Restoro na Reimage, zikakubali kulipa dola milioni 26 baada ya wapelelezi wa FTC kujifanya wateja na kuwanasa katika mchezo huohuo wa kutisha watu. Kama duka lenye mlango wa kioo na risiti linaweza kukudanganya ukiwa umesimama mbele ya kaunta, mwalimu wa Kilindoni aliye peke yake na bando la kuhesabu angejuaje?

Kwa hiyo ujinga tuuweke pembeni. Anayeliwa ni mtu aliyetishwa, na anayetishika zaidi ni yule asiye na wa kumuuliza. Kuna jingine tena, na hili ndilo linaloniuma: anayetishika zaidi ni yule aliyefundishwa kutii Kiingereza.

Fikiria. Mtoto wa Kitanzania anasoma kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi. Siku ya kwanza ya kidato cha kwanza masomo yanageuka Kiingereza. Anajifunza haraka kwamba kilichoandikwa kwa Kiingereza hakihojiwi, kinanakiliwa. Elewa, usielewe, andika. Baada ya miaka mingi ya mazoezi hayo, dirisha jekundu linamjia na sentensi ya Kiingereza, nembo inayofanana na ya kampuni kubwa, na kitufe. Mlitarajia afanye nini? Anafanya alichofundishwa. Anatii. Onyo lileile lingekuja kwa Kiswahili cha kubabaisha, kama zile SMS za "ile hela tuma kwenye namba hii", angelicheka na kulifuta. SMS tumeshazizoea kwa sababu zinatudanganya kwa lugha tunayoijua, na mtu akikosea kuongea lugha yako unamjua papo hapo. Kwenye Kiingereza hatuna pua hiyo ya kunusa.

Inauma zaidi ukikumbuka kwamba kazi ya kuileta kompyuta kwenye Kiswahili ilishaanza. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, ya bure. Microsoft nao wakafuata na Windows na Office za Kiswahili. Leo nenda steshenari yoyote, iwe Kilindoni au Kinondoni, uhesabu kompyuta zilizowekwa Kiswahili. Mimi sijaikuta hata moja. Kila tarehe 7 Julai tunavaa vitenge kusherehekea Siku ya Kiswahili Duniani, halafu jioni tunarudi kwenye mashine zinazotutisha kwa lugha nyingine.

Mtaniambia: lakini watu wetu hawakuibiwa hela, kadi za benki walitoa wapi? Ni kweli kwamba kwa miaka mingi umaskini ulitukinga. Antivairasi feki ilikuwa inadai dola kwa mtu asiye na akaunti, ndani ya intaneti kafe ya kulipia kwa nusu saa. Kinga hiyo imekwisha. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, mtandao ukashuka bei, simu zikawa benki, na siku hizi namba ya kadi inatengenezwa ndani ya simu bila kumwona karani. Tapeli wa Kyiv wa mwaka 2008 asingeweza kuchota hela ya mtu wa Mafia hata angetaka. Wa leo anaweza.

Na serikali je? Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kifungu chake cha 12 kinahusu hasa udanganyifu wa kutumia kompyuta. Sheria nzuri kwenye karatasi. Lakini ukimuuliza kijana wa mjini sheria hiyo anaijua kwa lipi, hatakutajia tapeli hata mmoja. Atakutajia watu waliopelekwa mahakamani kwa maneno, au Maxence Melo wa JamiiForums aliyeshtakiwa Desemba 2016 kwa kutotoa taarifa za watumiaji wake. Kwenye kutafuta aliyeandika nini tumekuwa hodari. Kwenye kumlinda anayesoma, bado. TCRA wametupa namba 15040 ya kupelekea SMS za matapeli, na kwa hilo nawapongeza. Nataka na dirisha jekundu litangazwe hivyohivyo, redioni, kwa Kiswahili, mpaka bibi wa Bweni alijue.

Wenzangu waandishi nao siwaachi. Tovuti zetu za habari na burudani zimejaa matangazo ya kuokoteza, yale ya "simu yako ina virusi, safisha sasa". Yakilipa, yanabandikwa. Mnaandika makala ya kuonya watu kuhusu matapeli, na pembeni ya makala mmempangisha tapeli chumba! New York Times waliingizwa mjini mwaka 2009, wakawaonya wasomaji wao. Ninyi mmeonya lini?

Wazee wa kisiwa cha Juani, hapo jirani na Chole, wana simulizi kuhusu magofu ya Kua. Wanasema watu wa Kua walikuwa na kisasi na watu wa Kisimani, wakawaalika harusini. Wageni wakashushwa kwenye chumba cha chini, wakaandaliwa, na wakati wanakula mlango ukajengwa kwa mawe. Ninachokumbuka kila nikisikia simulizi hiyo ni kwamba hakuna aliyeburutwa. Waliingia kwa miguu yao kwa sababu waliitwa kwa adabu. "Ruhusu" ni mwaliko wa namna hiyo.

Haya, maneno yametosha, tufanye kazi. Yafuatayo mfundishe mama, mjomba, na fundi wa mtaani kwenu.

Kwanza, shika kanuni moja, ukisahau nyingine zote usiisahau hii: ukurasa wa tovuti hauwezi kukagua virusi kwenye kompyuta yako. Zile asilimia zinazopanda ni katuni. Mimi natumia Linux, na nimeshaambiwa na ukurasa wa namna hiyo kwamba diski yangu C imejaa virusi. Linux haina diski C!

Pili, dirisha likikuvamia usibonyeze kitu chochote ndani yake, hata kile kialama cha kufunga, maana nacho kinaweza kuwa picha tu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka orodha ya programu zinazoendeshwa, chagua kivinjari, kifunge hapo. Ukikifungua tena kikikuuliza kama kirudishe kurasa za mwanzo, kataa. Namba ya simu iliyoandikwa pale usiipige. Microsoft hawaweki namba ya simu ndani ya onyo la virusi.

Tatu, kama maonyo yanachomoza pembeni kila mara, usikimbilie kupiga Windows. Kwenye Chrome bonyeza vitone vitatu juu kulia, ingia mipangilio, kisha faragha na usalama, kisha mipangilio ya tovuti, kisha arifa. Futa kila tovuti usiyoijua. Kwenye simu ya Android njia inakaribiana na hiyo. Na kuanzia leo, tovuti ikikuomba ubonyeze "Ruhusu" ili kuthibitisha wewe si roboti, jua huyo ndiye roboti.

Nne, kama ulishapakua programu yao, katisha intaneti, nenda kwenye orodha ya programu zilizowekwa, panga kwa tarehe, ondoa zile zilizoingia siku ya tukio. Kisha tumia kinga iliyokuja na Windows yenyewe. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 antivairasi ya Microsoft imo ndani, bure. Fanya ukaguzi kamili, halafu ule wa nje ya mtandao, ambao huizima mashine na kuikagua kabla Windows haijaamka. Huo huchukua kama dakika 15, na huviona virusi vinavyojificha Windows ikiwa macho.

Tano, kama ulimruhusu "mtaalamu" kuingia kwenye mashine au ulitoa namba ya kadi, piga simu benki au kampuni ya simu leo hii, na ubadilishe nywila zako kwa kutumia kifaa kingine.

Sita, hili ni la mafundi. Kabla ya kupiga Windows, nakili mafaili ya mteja kwenye flashi au diski ya pembeni. Kila mara, hata asipoomba. Na acheni kuwawekea watu Windows za kuchakachua ambazo mmezima usasishaji wake. Mnatoa mlango, halafu mnamcheka mwenye nyumba akiibiwa. Windows 10 yenyewe ilifika mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za mtumba haziwezi kupokea 11. Hizo wekeeni Linux, ya bure na halali.

Mafia ina watu zaidi ya 66,000 kwa sensa ya 2022. Hawahitaji huruma yetu. Wanahitaji mashine safi, fundi anayefikiri kabla ya kufuta, na onyo la kweli lililoandikwa kwa lugha yao ili la uongo lionekane kuwa geni. Hivyo vyote vinawezekana mwaka huu bila mfadhili. Kila steshenari ikibandika ukutani karatasi moja yenye ile kanuni ya kwanza, nusu ya kazi imekwisha.

Na wewe msomi wa mjini, siku mtu akikujia na dirisha jekundu, funga mdomo, fungua mipangilio. Alama za yule mwalimu hazirudi, lakini za mwingine bado zipo.

Naomba kuwakilisha.